Dakika Kumi na Moja za Njiani

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua umeanza kunigombeza kabla hata hujafungua bahasha: wiki tatu, na hata kijikaratasi! Nisamehe. Nilikuwa nangoja nipate habari isiyokutia hofu, nikaona nikiendelea kungoja utazeeka hujasoma neno langu.

Basi, kazi nimeanza. Kituo chetu ni nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na banda la magari matatu. Chumba kimoja ni cha redio, kingine ni cha kukaa kungoja. Huko kungoja ndiko kunakoniua. Redio ikikohoa tu, nimeshasimama. Wenzangu wanakunywa chai, wanacheza karata, wanabishana mpira, na mimi nimekaa ukingoni mwa benchi viatu vimefungwa kamba mara mbili mbili.

Nimepangwa na watu wawili. Dereva anaitwa Breki, kwa sababu hana habari nazo. Mkubwa wangu wanamwita Mkongwe, ana miaka kumi na minane ndani ya gari la wagonjwa. Haongei sana. Akiingia kwenye nyumba ya mgonjwa, watu wote wananyamaza kama wanafunzi mwalimu mkuu akipita. Mimi sina jina hapa, naitwa Mgeni.

Nimewekwa kwenye majaribio ya miezi sita. Nikimaliza bila doa, napata ajira ya kudumu. Nikiharibu, narudi dukani kuuza makava ya simu. Ila Shangazi, dukani siogopi kurudi. Naogopa mikono yangu. Unakumbuka ile ajali ya pikipiki mbele ya duka? Nilisimama pale mikono imening'inia, yule kijana akaniangalia mpaka akaacha kuangalia. Ndiyo maana nikaenda chuo. Sasa naogopa kinyume chake: kwamba safari hii mikono itafanya kitu, na kitu chenyewe kiwe kibaya.

Kila asubuhi tunakagua gari kwa karatasi yenye visanduku hamsini na viwili. Glavu, bendeji, machela, mtungi wa oksijeni, kila kitu. Unatazama, unaweka tiki. Mimi naweka tiki kama mtu anayeomba dua.

Usicheke.

Wako,
Kijiti

*

15 Februari

Kijiti,

Marahaba. Na wiki tatu nimezihesabu, usidhani. Unajua masikio yangu yameliwa na mashine za kiwandani. Simu nikiiweka sikioni nasikia mchele unapepetwa. Nikikosa barua yako nimekosa kila kitu. Usinirudishe tena kwenye hali hiyo.

Nimekusoma. Nimecheka kwa Breki, kisha cheko likanikauka. Mwambie huyo baba, kwa heshima zote, kwamba huyo anayemrusha huko nyuma ana mwenyewe.

Sitakuficha, mwanangu: hii kazi siipendi. Niliposhona zile sare zako nilikuwa natia uzi kwenye sindano mara tatu tatu, si kwa macho, kwa hofu. Kitu cha ajabu ni kwamba king'ora ndicho kitu pekee ninachosikia vizuri siku hizi. Kikipita nasimamisha cherehani. Najua uko safari ya siku nzima kwa basi kutoka hapa, najua si wewe, lakini mguu wenyewe unatoka kwenye pedali.

Huyo Mkongwe mfuate kama kivuli. Mtu akidumu kwenye kazi ya kifo miaka kumi na minane, ana anachokijua.

Na hivyo visanduku hamsini na viwili, kuna hata kimoja kinachouliza kama wewe umekula?

Shangazi yako

*

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimekula. Leo wali, jana wali, kesho nakisia.

Nina habari mbili. Ya kwanza: mimi si Mgeni tena. Jumatano iliyopita mama mmoja alishindwa kungoja, akajifungulia garini kwenye foleni ya magari. Mkongwe aliniacha nimpokee mtoto mimi, yeye akashika taa. Mtoto katoka anateleza kama sabuni, analia, mimi nalia, mama yake ananiambia "dada usimwangushe tu." Breki sasa ananiita Mkunga, na wengine wamefuata.

Ya pili siyo nzuri. Wiki hiyo hiyo tulimkuta mzee amelala sakafuni bafuni, moyo umesimama. Nikambonyeza kifua kama tulivyofundishwa. Nikasikia mbavu zinapasuka chini ya viganja vyangu. Nikaacha. Mkongwe akasema bila kupaza sauti, "Endelea. Mbavu zitapona, yeye ukiacha hatapona." Nikaendelea dakika ishirini na nane. Hakurudi. Mkewe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa beseni anashika kitambaa cha uso, hakukiachia hata tulipoondoka.

Mkongwe aliniambia hofu yangu si ugonjwa. Alisema anayemwogopesha ni yule mgeni asiyeogopa. Nikashukuru, lakini nilitaka aniambie inaisha lini.

Anasema nimekua. Kuanzia wiki ijayo, mgonjwa akiwa anapumua mwenyewe, naruhusiwa kukaa naye nyuma peke yangu, yeye akae mbele aongee na hospitali. Ni heshima kubwa, wengine huipata baada ya mwaka. Nilijibu "sawa, mkuu," kisha nikaenda chooni nikajifungia.

Kijiti (Mkunga)

*

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni fupi, naomba usinilaumu.

Kuna jambo limetokea na ni langu. Siwezi kuliandika. Wiki nzima chakula hakipandi, asubuhi natapika kabla ya kwenda kazini. Mkongwe peke yake ndiye anayejua. Anasema tukinyamaza litapita.

Usimwambie mtu yeyote. Niombee.

K.

*

19 Aprili

Wewe mtoto!

Nilijua. Barua imefika saa nne asubuhi, saa nne na dakika mbili nilishajua. Kutapika asubuhi, chakula hakipandi, na mwanaume mmoja ndiye anayejua! Mkongwe! Mtu wa umri wa baba yako! Na mimi nilivyo mjinga nikakuandikia umfuate kama kivuli.

"Tukinyamaza litapita." Mwambie huyo bwana kwamba mimba haipiti, mimba hukua. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa nisikilize. Nimeshakasirika, nimeshalia, nimemaliza. Mtoto hatupwi. Utakuja nyumbani, utajifungulia hapa, kazi utairudia ukipenda. Majirani wakisema, waseme. Mimi si siwasikii? Ana mke? Hilo nijibu kwanza. Na usibebe machela tena, sijali nani anakufa.

Nimeshakata flaneli ya nepi.

Shangazi yako

*

27 Aprili

Shangazi,

Sina mimba. Mkongwe hajanigusa, maskini, msamehe. Nilipoisoma barua yako nilicheka kwa sauti mara ya kwanza mwezi huu, halafu nikalia mpaka jirani akagonga ukuta, kwa sababu ningetamani iwe ni mimba.

Nitakuambia. Umenikubali hata kwa lile ulilodhani, basi nitakuambia na hili.

Tarehe nne, saa tano kasoro asubuhi, tuliitwa kwa mama mmoja, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, kifua kimembana. Ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba. Binti yake alikuwa mlangoni, kibanio cha nguo kimeng'ang'ania kola yake na yeye hana habari. Mama alikuwa kwenye kiti cha dirishani, midomo rangi ya majivu, anavuta hewa kama anafyonza kwa mrija ulioziba. Lakini alikuwa macho. Alinishika mkono akauminya.

Tukamshusha. Mkongwe akaniambia, "Huyu wako," akakaa mbele na redio. Nikamvika barakoa ya oksijeni. Nikatazama mshale wa mtungi: kijani, umejaa. Nikazungusha kipimo cha kutolea hewa mpaka mwisho. Nikamwambia, vuta mama, hewa ndiyo hii. Binti yake, aliyepanda nasi nyuma, akasema asante, asante sana dada.

Sasa, mtungi una koki yake kuu pale juu. Zamu inayoondoka huifunga, ndiyo sheria yetu. Ukianza kumhudumia mtu, lazima uifungue. Sikuifungua. Na mshale hausemi hewa inatoka, unasema tu iliyomo ndani. Mtungi ulikuwa umejaa pomoni na yule mama hakupata hata tone.

Chini ya barakoa kuna kifuko cha nailoni kinachotakiwa kuvimba. Kilikuwa kimelala bapa. Nilikiona na sikukiona. Kile kipimo cha hewa ya damu kinachobanwa kidoleni kilikataa kusoma, nikasema ni baridi ya vidole. Shangazi, alikuwa anajaribu kuivua barakoa. Mara tatu. Na mimi kila mara nilimrudishia, nikamshika mkono nikamwambia, usiivue mama, ndiyo inayokusaidia. Alikuwa anaivua ili apumue.

Dakika kumi na moja.

Hospitali Mkongwe akafungua mlango wa nyuma, akatazama kifuko, akapitisha mkono juu ya kichwa changu akafungua koki. Kikavimba pale pale. Jioni akaandika ripoti: mgonjwa alipewa oksijeni tangu nyumbani. Akatia saini, akanipa kalamu. Nami nikatia.

Mama yule hajaamka. Yuko wodi ya mashine za kupumulia. Kila nikipeleka mgonjwa hospitali napita kwenye ule mlango wa kioo, na binti yake yuko palepale kwenye benchi, na akiniona ananipungia mkono.

Mkongwe anasema: "Nikikusema unafukuzwa, anakuja mwingine ambaye kosa hili bado hajalifanya. Wewe hutalirudia maisha yako yote." Ana watoto wanne. Majaribio yangu yanaisha Julai.

Nifanye nini?

Kijiti

*

5 Mei

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Cherehani sijaigusa siku mbili. Sare za watu zimelala hapo mezani hazina mikono.

Ulipokuwa na miaka saba ulivunja kioo cha jirani, nikakutembeza mwenyewe mpaka mlangoni kwake ukakiri, kamasi mpaka kidevuni. Unakumbuka. Nilijisifu mtaa mzima kwamba mwanangu hasemi uongo.

Leo nakuomba unyamaze.

Ndiyo, mimi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Funika kombe mwanaharamu apite. Ukisema, yule mama ataamka? Haamki kwa maneno yako. Kitakachotokea ni kwamba watakuchukua wewe. Watakupeleka mbele ya watu wenye mafaili, na wale wenye mafaili hawajui kwamba ulilia. Watakufunga, Kijiti. Nimewaza hivyo kila siku tangu barua ifike, mlango wa chuma unafungwa na mimi nipo nje sisikii unachosema.

Sina mwingine. Kaka yangu alinikabidhi wewe tu. Fanya kazi yako, fungua koki zako, okoa wengine mia kwa huyo mmoja. Mungu anajua kuhesabu.

Barua hii ichome.

Shangazi yako

*

16 Mei

Kwa dada mwembamba aliyekuwa nyuma ya gari la wagonjwa tarehe 4 Aprili,

Habari za kazi. Jina lako silijui, kwa hiyo naiacha barua hii kituoni kwenu. Mimi ni binti wa yule mwalimu wa ghorofa ya tatu. Huwa tunaonana hospitali, lakini wewe huwa una haraka.

Kwanza asante. Ulimshika mama mkono njia nzima. Nimewaambia ndugu zangu wote.

Pili nina swali, na wa kumuuliza sina isipokuwa wewe. Daktari amesema ubongo wa mama ulikosa hewa kwa muda mrefu, ndiyo sababu haamki. Aliniuliza ni muda gani. Kwenye karatasi yenu imeandikwa kwamba alipewa oksijeni tangu nyumbani. Basi muda uliobaki ni wangu.

Mama alinifundisha kuandika kila hatua. Nimeandika. Saa nne na dakika ishirini na tano nilirudi kutoka dukani. Nilimsikia anakoroma pale kitini, nikasema amesinzia, nisimsumbue. Nikaenda kuanika nguo. Zilikuwa nguo nyingi, nikazipanga shuka na shuka, soksi na soksi. Saa nne na dakika arobaini nikarudi, nikaona midomo yake. Ni dakika kumi na tano. Ndugu yangu mkubwa ameiona karatasi hiyo. Tangu siku ile hanisemeshi.

Wewe ulimwona. Niambie: kama ningepiga simu saa nne na dakika ishirini na tano badala ya kwenda kuanika nguo, mama angekuwa ameamka?

Usinihurumie. Mama hakuwahi kutoa alama za huruma.

Binti wa Mwalimu

*

18 Mei

Dada,

Nimeanza barua hii mara tano. Nitaanza na jibu, kwa sababu ndilo uliloomba.

Ulipotufungulia mlango mama yako alikuwa mgonjwa sana, lakini alikuwa macho. Alinitazama. Alinishika mkono kwa nguvu. Mtu ambaye ubongo wake umeshakosa hewa muda mrefu hafanyi hivyo. Wewe ulipopiga simu, mama yako alikuwepo.

Karatasi yetu ni ya uongo.

Nilimvika barakoa, lakini koki ya mtungi ilikuwa imefungwa, na kazi ya kuifungua ilikuwa yangu. Niliangalia mshale unaoonyesha mtungi umejaa, nikaridhika. Kutoka nyumbani kwenu mpaka mlango wa hospitali hakupata oksijeni yoyote kutoka kwangu. Na barakoa yenyewe bila hewa inambana mtu. Uliona alivyokuwa anaivua. Ulinisaidia kumtuliza, kwa sababu nilikuomba. Hilo nalo si lako, ni langu. Uliniamini kwa sababu nilivaa sare.

Ni dakika kumi na moja.

Sijui kama hizo peke yake ndizo zilizomfikisha hapo alipo. Kifua chake kilikuwa kibaya, pengine ingekuwa hivi hata kama ningefanya kila kitu sawasawa. Daktari hawezi kujua kwa sababu tulimdanganya. Lakini kwenye karatasi yako, zile dakika za njiani andika kwamba ni zangu. Na mwonyeshe ndugu yako.

Kesho asubuhi nampelekea mkuu wa kituo nakala ya barua hii. Nimeiandika kwako kwanza kwa sababu nikianza kwake nitapata mtu wa kunizuia.

Kila uliponipungia mkono pale hospitali nilitamani ardhi inimeze. Sikuwa na haraka. Nilikuwa naogopa.

Siombi kitu.

Dada wa gari la wagonjwa

*

24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako sikuichoma, na ulichoniomba sikukifanya. Nakuwekea humu ndani nakala mbili, ya binti wa yule mama na ya kwangu. Zisome kwanza, kisha unigombeze.

Nilimwambia Mkongwe kabla sijaingia ofisini. Alikuwa anahesabu bendeji. Aliendelea kuhesabu mpaka akamaliza boksi, akaandika idadi, ndipo akasema, "Nilidhani nakulinda." Nikasema najua, mkuu. Akasema, "Hapana. Nilidhani nakulinda wewe, kumbe nilikuwa nailinda ile saini yangu ya kwanza ya namna hii." Kisha akavaa kofia, akaingia ofisini kabla yangu. Mpaka leo sijui hiyo saini ya kwanza ilikuwa ya mgonjwa gani na ya mwaka gani. Sikumuuliza. Naogopa atanijibu.

Amesimamishwa. Mimi pia. Nimevuliwa kitambulisho, nimerudisha redio. Kuna kamati itakaa, itaisikiliza familia, ndipo iamue kama naweza kugusa mgonjwa tena. Kuhusu polisi hawajasema kitu. Kila pikipiki ikisimama nje najua wamekuja.

Mama yule alifariki juzi alfajiri. Breki ndiye aliyekuja kuniambia. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

Naogopa kuliko siku ya kwanza, Shangazi. Nisamehe kwa kukuogopesha na wewe.

Kijiti

*

1 Juni

Kijiti,

Nimezisoma zote. Ya yule binti nimeisoma mara nyingi zaidi.

Nilipokuambia unyamaze sikujua kwamba kuna mtu mwingine anayelala na kosa lako. Nilikuona wewe tu. Hofu imenitia upofu, na uziwi nilikuwa nao tayari, sasa niambie nilibaki na nini? Nilikushauri kwa uchungu, si kwa akili. Nisamehe mwanangu. Sijawahi kukuomba msamaha tangu nianze kukulea, kwa hiyo usiuzoee.

Nakuja na basi la Ijumaa. Najua chumba chako ni kidogo, nitalala sakafuni, na usibishane na mimi kwa sababu sitasikia. Polisi wakija watanikuta mlangoni. Kamati ikikaa nitakaa nje ya mlango wao siku nzima, wakitaka waniite, wasipotaka wanione tu nikiwa pale.

Bado naogopa. Utaona mwandiko.

Nunua mchele.

Shangazi yako

*

30 Agosti

Kwa dada wa gari la wagonjwa,

Barua yako ilinifikia siku tatu kabla mama hajafariki. Sikukujibu kwa sababu maneno niliyokuwa nayo hayakufaa kuandikwa.

Nilikuchukia. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu mwenyewe. Nilikaa kitandani kwa mama nikakumbuka alivyokuwa anaivua ile barakoa, na mimi namwambia, mama tulia, msikilize dada. Hilo bado naliona. Uliandika kwamba si langu. Huwezi kulichukua kwa kuandika tu.

Ndugu yangu nilimwonyesha. Aliisoma, akaniita jikoni, akanipikia chai, akakaa na mimi mpaka ikapoa. Hatujaongea mengi, lakini tunaongea. Na siku ile ile nililala mchana kutwa, nguo zikiwa mwilini, mara ya kwanza tangu Aprili. Nilipoamka nilikasirika kwamba ni wewe uliyenipa ule usingizi.

Polisi walikuja wakaniuliza kama nataka kufungua kesi. Niliwajibu hapana, na sababu nitabaki nayo mwenyewe. Kisha wiki tatu zilizopita kamati yenu ikanipigia simu. Walisema yule mkubwa wako amestaafishwa. Walisema wewe umerudishwa darasani, umefaulu mitihani yote upya, na sasa wanataka kusikia kutoka kwa familia kabla ya kukupa leseni. Ndugu zangu walisema niamue mimi kwa sababu mimi nilikuwepo. Nikawaomba muda. Nimewaza nikiwa kazini, nikiwa jikoni, nikiwa kaburini kwa mama. Nilikuwa na kalamu ya kukumaliza na nilitaka kuitumia. Mara mbili niliandika "asirudi," na mara moja nilifika mpaka kwenye ngazi za ofisi yao nikiwa na bahasha.

Pale kwenye ngazi palikuwa na mwanamke mmoja amekaa, na kikapu miguuni. Nikamuuliza ofisi ya kamati ni mlango upi, hakunisikia. Nikauliza tena kwa sauti. Akanionyesha, kisha akaniambia, bila hata kuulizwa, kwamba kila siku ya kikao yuko pale, anamngojea mwanawe, na kwamba mwanawe sasa hali chakula, halali, akilala anashtuka anasema "koki." Aliniuliza mimi nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimeleta barua tu. Akasogeza kikapu ili nipite.

Sikupita. Nilirudi nyumbani, nikachana ile barua, nikaandika nyingine.

Nimewaambia wakurudishe. Sijakusamehe, na pengine sitakusamehe. Lakini siku mimi nitakapoanguka kitini, nataka aje mtu anayeogopa.

Usinijibu.

Binti wa Mwalimu